Natafuta Opampu Isiyo na Njaa

Jamani, ninyi mnaolala usingizi mzito nawaonea wivu. Mimi siku hizi nawaza nanoampia. Usiniulize kwa undani, nami nimekutana nayo ukubwani. Ninachojua, ukichukua ampia moja ukaikata vipande bilioni moja, kipande kimoja ndiyo nanoampia. Kitu kidogo hivyo kimenikosesha raha, kimekula hela ya mboga, na kimenifikisha kwa mjumbe. Mangi, nipe soda hapo. Andika kwenye daftari.

Chanzo ni luku. Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba sita, mita moja. Kama umewahi kuishi nyumba ya hivyo huhitaji maelezo. Tunachanga, tunanunua yuniti, yuniti zinayeyuka. Halafu inaanza ile tabia ya kutazamana. Jamaa wa chumba cha mbele ana pasi, ananyoosha mpaka soksi. Dada wa chumba cha tatu ana jiko la koili, anasema ni la uji wa mtoto tu, lakini harufu ya maharage tunaisikia wote. Kijana wa uani ana sabufa inayotikisa vikombe kabatini kwangu. Mimi nina TV na pangaboi, na pangaboi lenyewe limebaki na panga mbili. Lakini macho yote kwangu! Ati, "Baba yule ndiye anayeshinda ndani." Nashinda ndani kwa sababu sina pa kwenda. Nalo kosa?

Sasa kuna dogo hapa mtaani, amemaliza VETA, anatengeneza redio na simu pale karibu na mashine ya kusaga. Nikiwa namlalamikia akaniuliza, "Anko, ile taa nyekundu kwenye mita umewahi kuitazama?" Nikamwambia naitazama kila siku, inanikonyeza. Akacheka mpaka akaweka chini bisibisi. Kumbe taa haikonyezi, inahesabu. Soma yale maandishi madogo usoni mwa mita. Yetu imeandikwa 1000 imp/kWh. Yaani ikiwaka mara elfu moja, yuniti moja imeondoka. Pasi ya wati 1,000 ikiwa inachemka, taa inawaka kila baada ya sekunde 3.6. Balbu ya LED ya wati 10 ikiwa peke yake, taa inawaka mara moja kila dakika sita. Kwa hiyo ukikaa na saa mbele ya mita unajua nyumba inakula kiasi gani muda huo huo.

Nikachukua stuli, nikakaa mbele ya mita. Nahesabu. Watu wanapita, wananisalimia kwa ile sauti ya msibani. "Shikamoo baba. Pole." Pole ya nini? Mtoto mmoja akasimama, akatazama mita, akanitazama mimi, akakimbia kumwita mwenzake waje kunitazama wote. Mama watoto akatoka na kuniambia taratibu kwamba ama niingie ndani, ama yeye arudi kwao.

Ndipo dogo akasema tutengeneze kifaa kihesabu badala yangu. Fotodiodi inaikodolea macho taa ya mita. Ikiona mwanga, inatoa umeme kiduchu. Opampu inaupokea ule umeme na kuugeuza volti zinazoonekana. Mwisho kuna kalkuleta ya kawaida: unabonyeza 1 + 1, halafu kila ukigusa alama ya sawasawa inaongeza moja. Kiswichi kidogo cha elektroniki kinabonyeza badala ya kidole. Waya za mita hatugusi, lakiri hatugusi, kila kitu kinabandikwa nje kwa tepu. Na kwa kuwa huwezi kuiomba umeme mita unayoipeleleza, kifaa kitakula betri. Ile bapa ya CR2032, volti 3, ya rimoti ya gari. Gari sina. Betri yake ninayo.

"Opampu yoyote inafaa?" nikauliza. Dogo alikuwa na chipsi mdomoni, akatikisa kichwa. Mimi nikaona ni ndiyo.

Haya, daladala mpaka Kariakoo. Duka la vipuri limejaa mafundi watupu, kila mtu anataja namba, anapewa kibahasha, anaondoka. Ikafika zamu yangu. "Nipe opampu." Duka likanyamaza. "Ipi?" Nikasema ile ya kawaida. Nyuma yangu mtu akakohoa kicheko. Muuzaji, kijana wa umri wa mwanangu, akaniuliza kwa kutenganisha maneno: "Mzee. Unaenda. Kufanyia. Nini?" Nikamjibu kwa sauti, "Ya kuweka kwenye luku!" Duka zima likageuka. Mmoja akasogeza begi lake. Nikatambua nimejitangaza mwizi wa umeme mbele ya mashahidi.

Alinipa 741. Dogo akaigeuza kwenye kiganja. "Anko, hii ni ya mwaka 1968. Imekuzidi umri?" Imenizidi kidogo tu, lakini hilo halikumhusu. Aliibuni Dave Fullagar wa kampuni ya Fairchild, Marekani, na vyuoni bado wanaifundishia. Shida, datashiti yake inaongelea volti 15 chanya na volti 15 hasi. Mimi nina tatu, za kwenye kitufe. Tena ikikaa tu, bila kazi yoyote, inakunywa karibu miliampia 1.7. Nikasema mbona mlafi. Dogo akanifariji: mwaka 1953 kampuni ya Philbrick iliuza opampu ya valvu, K2-W, iliyotaka volti 300 chanya na 300 hasi. Nikafarijika. Nikapanda tena daladala.

"Mzee wa luku, karibu!" Jina limeshatoka. Safari hii nikapewa LM358, aisii ya miguu minane yenye opampu mbili ndani. Hii utaikuta kila mahali, kwenye chaja, kwenye vidhibiti vya sola, kwenye redio mbovu. Bei ya karanga. Nikarudi nimenyoosha kifua.

Dogo akachukua biro na kipande cha karatasi ya chapati. LM358 inakunywa karibu miliampia 0.7. CR2032 ina miliampia-saa 220 hivi. Gawanya. Siku 13! Siku ya 14 betri imekufa. Ninunue betri mbili kwa mwezi ili nijue nani anamaliza yuniti? Si bora hiyo hela ninunulie yuniti? Na siyo hilo tu. LM358 inataka angalau volti 3, na betri yangu inaanza na 3 ikiwa mpya, kisha inashuka. Tena ikitoa volti, juu haifiki, inaishia volti moja na nusu chini ya betri. Ina volti tatu, inabania nusu yake. Ningeishi nayo, kuna watu naishi nao wana tabia hiyo hiyo. Lakini ikaja habari ya mlangoni.

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipochekwa zaidi. Opampu ina midomo miwili. Mmoja unakula betri. Mwingine uko pale mlangoni, unapoingizia ishara, nao una chake. LM358 kwa kawaida inadokoa nanoampia 20 hadi 45 mlangoni, kutegemea datashiti ya nani. Unaweza kusema si kitu. Lakini kazi ya mzunguko huu ni kupitisha umeme wa fotodiodi kwenye rizista kubwa. Rizista ya megaohmu 1: maikroampia moja ya mwanga inatoa volti moja kamili, hesabu tamu. Ila zile nanoampia 45 za mdokozi nazo zinapita hapo hapo, zinakutolea milivolti 45 za uongo. Weka rizista ya megaohmu 10 ili uone mwanga hafifu zaidi, uongo unakuwa karibu nusu volti. Giza totoro, fotodiodi imelala, na kifaa kinaapa kimeona mwanga.

Mimi nikasema hilo dogo, niachie. Nikafungua simu, nikatafuta opampu isiyodokoa mlangoni. Nikaipata! LMP7721. Mlangoni inachukua femtoampia 3. Femto! Ni nano iliyogawanywa tena kwa milioni. Nilimpigia dogo usiku, nikamwamsha. "Dogo, tumepona. Nimepata isiyokula kabisa." Akapiga kimya. Akaniuliza, "Anko, umesoma mstari wa pili?" Nani anasoma mstari wa pili saa sita usiku? Ule mstari unasema mlangoni inachukua femtoampia, lakini kwenye betri inavuta miliampia 1.3 hivi. Karibu mara mbili ya LM358. Imeumbwa kwa ajili ya mashine za maabara zinazopima vitu vidogo mno, betri siyo shida yake. "Lala, anko," akasema. Mtoto wa juzi ananiambia nilale.

Kumbe unatakiwa utafute inayofunga midomo yote miwili. Zipo. Zinaitwa za nanoampia, maana hata kule kwenye betri zinahesabu nano. MCP6041 ya Microchip inakunywa nanoampia 600, inafanya kazi mpaka volti 1.4, na mlangoni ni pikoampia moja. LPV801 ya Texas Instruments inakunywa nanoampia 450. Unaona? LM358 inakunywa miliampia 0.7, yaani nanoampia laki saba. Nikasema sasa hizi, kama ni hivi, ile LM358 wanaiuzia nani?

Dogo akaanza kunimwagia maji ya baridi. Ubahili una gharama zake. Opampu ikinyimwa umeme inakuwa goigoi. Ile MCP6001, nduguye anayekunywa maikroampia 100, mwendo wake ni megahezi 1. MCP6041 ni kilohezi 14. Na ina kelele, karibu mara sita ya nduguye: nanovolti 170 kwa 28 kwa kipimo kile wanachokitumia wao, nilipouliza kipimo gani akaniambia tuendelee. Kwa hiyo kile kifaa cha hospitali wanachokubana nacho kidoleni kupima oksijeni, ambacho kinawasha na kuzima taa upesi na kusoma mabadiliko madogo ya damu, hukiwekei goigoi huyu. Lakini taa ya mita? Inawaka, inakaa muda wa kuonekana hata na macho yangu haya ya miwani, inazima. Kwa megaohmu 1 na fotodiodi yetu, goigoi bado anafuata mabadiliko ya mara elfu kadhaa kwa sekunde. Anatosha na chenji inabaki.

Nikamuuliza, kwa nini tusiizime isipokuwa na kazi? Nilijiona nimesema la maana. Akasema ndivyo king'ora cha moshi kinavyofanya: kinalala, kila baada ya sekunde kadhaa kinaamka, kinamulika, kinatazama kama kuna moshi, kinalala tena. Kinaweza kwa sababu taa ni yake mwenyewe, kinajua lini inawaka. Taa ya mita haitoi taarifa. Ukilala, dada wa chumba cha tatu anabandika maharage. Lazima opampu ikeshe. Ndiyo maana tunatafuta inayokesha bila kula, na mlinzi wa hivyo mtaani kwetu hayupo.

Kariakoo nilikotafuta sikuipata. "Mzee wa luku, hiyo hatuna, ila LM358 ipo." Basi binamu wa dogo alikuwa anakwenda Guangzhou kufuata mabegi, tukamwagizia. Akaleta LPV801. Nikafungua kipakiti kwenye mkeka, kwa heshima zote. Sasa nani aliniambia kwamba ile aisii ina milimita 2.9 kwa 1.6? Nilitoa miwani niifute. Niliporudisha miwani, aisii haipo. Tulikunja mkeka, tukakung'uta, tukafagia, mama watoto akachekecha taka kwa chujio la chai. Mpaka leo. Chujio tumenunua jingine.

Safari iliyofuata tukaagiza yenye miguu ya watu wazima: MCP6042, opampu mbili kwenye aisii moja ya miguu minane, ile unayoweza kuishika bila kuomba dua. Moja inapokea fotodiodi, ya pili inaamua: volti zikizidi kiwango, bonyeza kalkuleta. Mbili kwa pamoja maikroampia 1.2. Karatasi ya chapati tena: miliampia-saa 220, gawanya. Miaka 20! Nikaruka. Dogo akasema betri yenyewe haifiki huko, itachakaa kwa uzee. Sawa, lakini itakufa kwa uzee, siyo kwa njaa ya mtu mwingine.

Tukalehemu, tukaweka betri. Baada ya siku chache betri imekufa.

Nilitukana Guangzhou, nikatukana mabegi, nikatukana karatasi ya chapati. Dogo akaleta multimita, akaiweka kwenye waya wa betri, akanyamaza, kisha akanyoosha kidole kwenye kataa kekundu nilikobandika mwenyewe pembeni. Kalikuwa kazuri. Kanakuonyesha kwamba kifaa kimewaka. Nilikanunua kwa hela yangu. Kanakula miliampia 2! Opampu zinakula maikroampia 1.2, na kile kinachotangaza kwamba opampu zipo kinakula zaidi ya mara elfu moja na mia sita. Siku nne na nusu, kwaheri betri.

Kakang'olewa. Dogo akapima tena. Bado maikroampia 150 zinavuja! Nani? Rizista mbili za kiloohmu 10 zilizogawa volti tatu katikati, ili opampu ya pili ipate kiwango cha kulinganisha. Hizo nilizichomoa kwenye redio mbovu, bure. Volti 3 kwenye kiloohmu 20, piga mwenyewe hesabu. Miezi miwili betri imeisha. Ndipo nilipoelewa kwamba betri ile ndiyo luku ya humo ndani, na humo ndani nao wamepanga wengi: tulikuwa tumemkodolea macho opampu anayeshinda nyumbani, kumbe wanaokula ni wengine ambao hakuna aliyewauliza. Tukaweka megaohmu 10 mbili. Wakashuka mpaka maikroampia 0.15. Hilo LM358 isingelivumilia, ingedokoa mpaka kiwango kihame, lakini mwenye pikoampia moja mlangoni hana habari.

Ukidhani mateso yaliishia hapo hunijui. Rizista za megaohmu zinachagua mtu wa kuzishika. Nilikuwa nimekula samaki wa kukaanga. Nikashika ubao. Mafuta ya vidole, jasho la Dar, na yale masalio ya kulehemu yanayobaki yakinata, vyote vinapitisha umeme kidogo, na kwenye mzunguko huu kidogo ndiyo chakula cha kila siku. Namba zikawa zinahama zenyewe. Dogo akasafisha ubao kwa spiriti na mswaki, akaniambia nikae mbali, mita mbili. Nimefukuzwa kwenye kifaa changu.

Tukabandika. Kikahesabu. Pasi inachemka, nasimama na saa: sekunde 3.6, kalkuleta inaongeza tatu. Tatu! Mwako mmoja, hesabu tatu. Nikafurahi nikijua nimewakamata, dogo akasema hapana, fotodiodi ina kapasita yake ya asili, hii yetu BPW34 ina pikofaradi 70 hivi, na ikikutana na megaohmu 1 opampu inayumba kabla ya kutulia. Dawa ni kapasita ndogo sambamba na rizista. Kuna fomula yake yenye alama ya mzizi. Ilitoka karibu pikofaradi 30, dukani ipo ya 33, nikaifuata. "Mzee wa luku!" Ndiyo, ni mimi.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika mtaa mzima. Mita imezima, nyumba giza, hata sabufa imenyamaza. Natoka na tochi, kalkuleta inahesabu! Nywele zilisimama. Nilisoma dua zote ninazozijua na moja niliyoianza katikati. Asubuhi dogo akaja, akanusa, akauliza nani alikaa hapa. Alikaa mama muuza vitumbua, aliegemeza meza yake ukutani, na kibatari juu. BPW34 inapenda zaidi mwanga wa karibu nanomita 900, ambao jicho letu haliuoni na kibatari kinaumwaga kwa wingi. Moto unacheza, fotodiodi inaona unawaka na kuzima, na tepu yangu ilikuwa imebanduka upande mmoja. Tukaongeza tepu nyeusi, tabaka juu ya tabaka. Ilibidi hata hivyo, kwa sababu mchana ule mwanga wa uani ulikuwa unaijaza opampu mpaka juu haioni tena kitu, na balbu ya barazani nayo inatetema mara 100 kwa sekunde.

Tepu nyeusi nyingi hivyo juu ya mita ya watu, na waya unaoingia dirishani kwangu. Unaona inapoelekea?

Mama mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi. Akaona. Akapiga ukelele. "Mmechezea mita yangu!" Dakika chache mjumbe amefika, viti vimetolewa, wapangaji wote wapo, hata wale wanaosema wako kazini mchana. Nikasimama kujitetea. Nikaeleza fotodiodi. Nikaeleza opampu. Nikaeleza midomo miwili, wa betri na wa mlangoni. Mjumbe alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa adabu, kwa namna ambayo ukimwona mtu anakuitikia hivyo ujue hajaelewa hata herufi. Nikamwonyesha lakiri haijaguswa, nikabandua tepu, mita ipo salama, taa inakonyeza. Kimya. Mwishowe mjumbe akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo, hiki kinapunguza luku?"

"Hapana mzee. Kinahesabu."

"Kinahesabu ili zipungue?"

"Kinahesabu tu."

Wakatazamana. Nikaona kabisa hawajaniamini. Mkutano ukafungwa bila hukumu, na jioni ile ile jamaa wa pasi akaja kugonga kwangu, anaongea kwa kunong'ona. "Anko, na mimi nibandikie." Baada yake dada wa chumba cha tatu, na bakuli la maharage juu. Nikawaambia wote, jamani, hakipunguzi. Wakasema sawa, wameelewa, shilingi ngapi? Mjumbe mwenyewe alimtuma kijana.

Na hesabu zenyewe je? Zilitoka. Nilisoma kalkuleta saa sita usiku, nikaisoma tena saa kumi na mbili asubuhi, watu wote wamelala, pasi baridi, koili baridi, sabufa kimya, pangaboi nimelizima. Hesabu 600. Yaani yuniti 0.6, wati 100 usiku kucha, bila mtu. Nikafuata waya kwa tochi, ukuta kwa ukuta, mpaka stoo ya mama mwenye nyumba iliyofungwa kwa kufuli. Ukiweka sikio mlangoni unasikia friza linanguruma. Kodi ya miezi miwili nadaiwa. Unafikiri nilimwambia nani?

Kwa hiyo ndugu yangu, ukisikia kuna mzee huku anabandika mashine za kupunguza yuniti, ni uongo, usije. Ukitaka ya kuhesabu, tengeneza mwenyewe: MCP6042, rizista za megaohmu, pikofaradi 33, tepu nyeusi nyingi, na hako kataa kekundu usikaweke. Habari ya friza nimekuambia wewe tu.